Fundo la Mfukoni

Kama wiki iliyopita hukunisoma kwenye safu hii, hukukosa mengi: niliulizwa jina langu, nikashindwa kulitaja.

Si utani. Nilikuwa mbele ya jopo la ofisi ya bima, nimenyoa, nimepiga pasi mpaka kola, na swali la kwanza lilikuwa lile ambalo mtoto wa chekechea hulijibu huku akilamba pipi. Mdomo ukafunguka. Sauti haikutoka. Mwishowe mlinzi alinisindikiza nje kwa upole, akaniuliza kama nina kifafa.

Haukuwa usaili wa kwanza kunikwamisha. Mimi nilishazoea, mtaa nao ukazoea. Vijana wa pale kwa kinyozi walikwishanibatiza: Bubu wa Digrii.

"Bubu wa Digrii, leo wamekuuliza nini?"

"Mwacheni bwana, atawajibu kesho kwa maandishi!"

Nilicheka nao. Ukicheka pamoja na wanaokucheka, angalau huonekani unalia.

Sasa sikieni yaliyonikuta safari hii.

Nyumbani tunakaa watatu: shangazi yangu, binti yake, na mimi. Shangazi ni fundi cherehani. Ndiye aliyetuchukua mimi na mdogo wangu wa kiume tulipobaki yatima. Mdogo wangu hayupo tena, nitafikia habari zake.

Binti wa Shangazi, mtaa mzima unamwita Cheche, kwa kuwa ulimi wake ukigusa jambo, jambo linawaka. Aliwahi kugombana na mwenye nyumba kwa ajili ya choo, mwenye nyumba akaondoka ameomba radhi bila kujua kosa lake. Yeye na mimi tumesomea fani moja, ya maji. Mimi chuo kikuu, yeye stashahada.

Na Shangazi macho yanamwishia. Siku hizi hawezi hata kutunga uzi. Anainua sindano kwenye mwanga wa mlango, anakunja uso, kisha anaita, "Nani yuko karibu anitungie?" Daktari wa macho alimwambia aache ushonaji.

"Daktari," alimjibu, "nikiiacha sindano, sufuria nayo itaniacha."

Kwetu alikuwa na wimbo mmoja. "Mmoja wenu tu. Sichagui yupi. Mmoja wenu apate kazi, niyapumzishe macho yangu."

Basi kampuni ya maji ikatangaza nafasi moja ya msaidizi wa maabara. Tukaomba wote wawili. Tukaitwa wote wawili, siku moja.

"Atakayekosa asinune," Shangazi alisema. "Sufuria ni moja."

Kisha akaamua kutufundisha usaili.

Shangazi hajawahi kukaa mbele ya jopo lolote maishani mwake. Lakini alisema nguo haishonwi siku ya harusi. Kila jioni aligeuza chumba cha mbele kuwa ofisi. Yeye mwenyekiti, nyuma ya cherehani. Cheche mjumbe, juu ya marobota ya vitambaa. Mimi msailiwa, kwenye kigoda, magoti yamenifika kidevuni.

"Tuambie kuhusu wewe," Shangazi anasema, mguu uko kwenye pedali, sindano inakimbia.

Na hapo, ndugu zangu, ulimi wangu ulilegea. Labda kwa sababu mlio wa cherehani ndio niliokulia. Labda kwa sababu hakuna aliyenitazama: Shangazi anaitazama nguo, Cheche anatazama kucha zake. Nikawa nasema yangu yote.

Kwamba nilikuwa na mdogo wangu. Kwamba tulikunywa maji kwa kikombe kimoja cha bati, mpini wake umekatika, Shangazi akakifunga kitambaa chekundu kisitukate. Kwamba tangi la nyumba tuliyopanga lilikuwa halina mfuniko, lakini maji yake yalikuwa maangavu, hayana harufu, matamu. Kwamba aliyanywa akalamba midomo. Kwamba tumbo lilimshika, na hatukumpata tena.

"Ndiyo maana naitaka kazi hii," nilikuwa namalizia. "Maji yaliyomuua yalipendeza machoni. Maji yapimwe, yasitazamwe."

Nikipotea njia, Cheche ananidokeza.

"Kikombe, kaka! Umeruka kikombe."

"Hapo usikimbie. Vuta pumzi, kisha ndiyo useme tangi."

Ikifika zamu yake anapunga mkono. "Mimi? Mimi nitasema nitakachokikuta huko huko. Lini mmeniona nimekosa neno?"

Shangazi aliguna. Mimi niliona ni kweli. Nani angemfundisha samaki kuogelea?

Jioni ya mwisho Shangazi aliichukua suruali yangu, akaupindua mfuko wa kulia. Akaniambia nimtungie uzi mnene, ule wa kushonea mikoba. Akashona kwa kupapasa, anarudia pale pale, mpaka ndani ya mfuko kukawa na fundo gumu kama punje ya kunde.

"Huko hakuna cherehani," alisema. "Ukikwama, lishike hili. Utanisikia."

Cheche alicheka mpaka akaanguka kwenye marobota. "Mama, mfungie na hirizi kabisa!"

"Nikushonee na wewe?"

"Mimi unishonee la kunifunga mdomo!"

Shangazi naye akacheka. Tulicheka wote. Naikumbuka sana jioni ile.

*

Kampuni ya maji ilikuwa na korido ndefu inayonuka dawa ya kusafishia sakafu. Tulikalishwa kwenye benchi, kila mtu na bahasha yake mapajani. Waliomaliza walitolewa kwa mlango mwingine, hivyo hukuweza kuona sura ya mtu kujua ameponaje.

Cheche alikuwa Cheche. Alimwambia dada mmoja aliyekuwa akitetemeka, "Hawatuli, mwenzangu, wangekuwa wanakula tungesikia harufu." Benchi zima likacheka.

Mlango ukafunguliwa, akaitwa yeye.

"Kaka," alininong'oneza, "nikipata mimi usinune."

"Na nikipata mimi?"

"Nitanuna mpaka chakula kiive, basi."

Alinishika mkono akainuka. Kiganja chake kilikuwa cha baridi, kimelowa. Nikadhani ni changu.

Muda si mrefu baadaye nikaitwa.

Walikuwa watatu. Mwenyekiti, mama wa makamo, miwani yake ina mnyororo unaoning'inia shingoni. Kushoto kwake mkuu wa maabara, bwana mwenye koti jeupe na vidole vyenye madoa ya dawa. Kulia afisa utumishi, kijana wa rika langu, tai imemkaba kama deni.

Kimya cha chumba kile kilikuwa kizito kama godoro lililonyeshewa.

"Karibu," Mwenyekiti alisema. "Tuambie kuhusu wewe."

Ikaja. Mnaijua tayari. Kwanza masikio yanaziba. Kisha ulimi unageuka kipande cha ubao. Kisha macho yanang'ang'ania kitu kimoja, siku hiyo ulikuwa ule mnyororo wa miwani, na kila nikitaka kuachana nao haukubali.

"Kijana?"

Afisa utumishi akatazama saa.

Nikatia mkono mfukoni. Fundo lilikuwepo. Nikalibana mpaka likaniuma kidole, na kwa mbali, wallahi, nikasikia pedali.

Nikasema.

Jamani, nilisema! Nilitaja jina langu kama mtu anayelipenda. Nilisema nimesoma nini na kwa nini. Sauti ilikuwa inatoka, yangu mwenyewe, na ilikuwa haitetemeki. Nilitamani vijana wa kwa kinyozi wangekuwa dirishani. Nikaingia kwenye habari za mdogo wangu, taratibu, navuta pumzi pale nilipofundishwa.

Mkuu wa maabara aliacha kuandika. Mwenyekiti akavua miwani. Nikajua nimewagusa.

"Tulikuwa tukinywa kwa kikombe kimoja cha bati," nikasema, "mpini wake umekatika, kimefungwa kitambaa..."

"Chekundu," akasema afisa utumishi.

Nikamgeukia.

"Kitambaa chekundu," akarudia. "Halafu tangi halina mfuniko. Halafu maji yapimwe, yasitazamwe. Unaendelea, au nikumalizie?"

Nilimtazama Mwenyekiti. Hakuwa ameguswa. Alikuwa ameudhika.

"Kijana, maneno hayo tumeyasikia leo leo, kwenye kiti hicho hicho."

"Kwa nani?" niliuliza, ingawa moyo ulikwishajua.

"Binti mmoja. Alipoingia alikaa kimya mpaka nikataka kumwitia nesi. Macho kwenye miwani yangu. Nikamwambia, jikaze binti, sema chochote. Ndipo akaanza, kama redio iliyorudishiwa umeme. Hakusimama mpaka mwisho. Huyu bwana alikwenda kusimama dirishani."

Mkuu wa maabara akakohoa. "Vumbi," akasema.

Cheche aliganda.

Cheche, ambaye hakuwahi kukosa neno, alikaa pale nilipokaa mimi, masikio yakamziba kama yanavyoniziba mimi. Alipapasa ndani mwake kutafuta maneno, na ya kwake hakuwa ameyaweka. Mle ndani mlikuwa na yangu tu. Jioni baada ya jioni alinidokeza mpaka akayajua kuliko mwenyewe. Mtu anayezama hachagui ubao wa kushika.

Sikumkasirikia. Naomba mniamini katika hilo. Na mdogo wangu yule, Cheche ndiye aliyembeba mgongoni kabla yangu, maana mimi nilikuwa mdogo mno wa kubeba mtu.

"Unamfahamu?" Mwenyekiti aliuliza.

"Ni dada yangu. Mtoto wa shangazi. Tunakaa nyumba moja."

"Aha," afisa utumishi alisema. "Na majibu mmenunua kwa nani? Siku hizi wanauza."

"Ngoja kwanza," Mwenyekiti alimkatiza. "Kijana, sikuulizi kama mtoto alikufa. Mtu halii vile kwa uongo. Nakuuliza jingine. Huyu bwana atakueleza kwa nini."

Mkuu wa maabara aliinamia meza. "Kwangu mtu anaandika alichokipima yeye. Siku amechoka, amebanwa, amechanganyikiwa, aniambie sijapima. Asichungulie karatasi ya mwenzake akaandika ya mwenzake. Akifanya hivyo mara moja tu, mtaa mzima unakunywa sumu. Unanielewa?"

Nilimwelewa kuliko alivyodhani.

"Mmoja wenu amechungulia," Mwenyekiti alisema. "Huyo hapati kazi hapa. Na inauma, kwa sababu yule binti, alipomaliza ile hadithi, hakuna swali la vipimo lililomshinda. Mpaka sasa ndiye anayeongoza."

Ndiye anayeongoza.

Shangazi alinijia mawazoni mle chumbani, nikamwona, ameinua sindano mlangoni. Mmoja wenu tu. Sichagui yupi.

"Mwite yule binti," Mwenyekiti alimwambia afisa utumishi, "kama hajavuka geti."

Hakuwa amevuka. Alikuwa amekaa kwenye ngazi akinisubiri, aniulize yangu yamekwendaje.

Aliingia akitabasamu. Aliponiona nimesimama, na nyuso zile tatu, tabasamu likamdondoka.

"Binti," Mwenyekiti alisema, bila ukali. "Hadithi ya mtoto na kikombe. Ni yako, au ni ya huyu?"

Cheche alifungua mdomo.

Nimeyaona mengi, lakini sikuwahi kuiona ile hali kutoka nje. Ni kama kuliona shati lako mwilini mwa mtu mwingine. Alipeleka mkono sikioni. Nikajua, yameziba. Shingo ikakaza. Nikajua, ulimi sasa ni ubao. Macho yakakimbia, yakatua kwenye mnyororo wa miwani, yakanasa.

"Binti? Jibu ni fupi tu."

Afisa utumishi akatazama saa yake.

"Ni yake," nikasema.

Wote wakanigeukia.

"Mimi hushindwa kusema kwenye usaili," nikaendelea. "Muulizeni yeyote mtaani kwetu, wananiita Bubu wa Digrii. Dada yangu hunifundisha kila jioni. Nilipokaa hapa nikaganda, nikashika maneno yake kwa kuwa yalikuwa karibu. Yeye alieleza alichokiona. Aliyechungulia ni mimi."

Sikuwa nimelishika fundo. Mikono yangu yote miwili ilikuwa mezani, na ulimi ulikwenda kama cherehani kipya, mshono mmoja, bila kukatika uzi. Katika saili zote nilizowahi kuitiwa, hiyo ndiyo siku niliyosema vizuri kuliko zote. Na nilikuwa nadanganya.

"Unajua kwamba unajifukuza," Mwenyekiti alisema.

"Najua."

"Si hapa tu. Wakuu wa maabara za maji ni wachache, na tunapigiana simu."

"Najua, mama."

Mkuu wa maabara alinitazama kwa muda. Alichukua kalamu yake, akachora mstari juu ya kitu ambacho sikuhitaji kukiona.

Mwenyekiti akamgeukia Cheche. Sauti yake ililainika. "Umemsikia kaka yako. Kama ndivyo, huna haja ya kusema neno. Tikisa kichwa tu, tuyamalize."

Tikisa, nikamwambia kimoyomoyo. Tikisa, dada. Shangazi akalale leo ameyafumba macho yake kwa raha.

Cheche hakutikisa. Alikuwa analia bila sauti, machozi yanapita pembeni ya mdomo ulio wazi. Mkono wake wa kulia ulikuwa unapapasa ubavuni mwa gauni, unashuka, unapanda, unashuka. Gauni lile halina mfuko. Ilinichukua kitambo kuelewa anatafuta nini.

Alikuwa anatafuta fundo alilolicheka.

Sijui kilichonituma. Mtu aliyeganda mara zote zile hawezi kusimama kando akamtazama mwenzake anaganda, basi. Nilitia mkono mfukoni, nikalivuta fundo kwa nguvu, mfuko ukachanika wote, nikaliweka kiganjani mwake pamoja na kipande cha kitambaa na nyuzi zinazoning'inia.

"Shika," nikamwambia. "Utamsikia mama."

"Nini hicho?" afisa utumishi aliruka. "Wanapeana nini hao?"

Cheche alikifumba kiganja. Mabega yakashuka. Macho yakauachia ule mnyororo, yakapanda, yakafika usoni kwa Mwenyekiti. Akavuta pumzi, pale pale alipokuwa akiniambia nivute.

Ndipo nilipoelewa nilichofanya.

Kukubali uongo wangu hakukuhitaji sauti. Kutikisa kichwa kulitosha. Sauti ilihitajiwa na mtu mwenye jambo jingine la kusema.

"Mheshimiwa," Cheche akasema, na ile sauti ilikuwa yake, ile ile iliyomfanya mwenye nyumba aombe radhi. "Kuhusu kile kikombe..."

Na mimi, niliyemwomba Mungu mwaka mzima nisigande, nilifumba macho nikamwomba amgandishe dada yangu.